Kompyuta Mbili Zisizosikilizana

Mfumo uliopachikwa ni kompyuta iliyofichwa ndani ya kitu ambacho mwenyewe hakiiti kompyuta: ruta ya nyumbani, king'amuzi cha televisheni, mita ya maji, mashine ya kulipia kwa kadi, kidhibiti cha umeme wa jua. Baadhi ya vitu hivyo siku hizi huendeshwa na Linux. Aghalabu havina skrini wala kibodi, na nafasi yake ya ndani haitoshi kumkaribisha mgeni. Ruta ya Linksys WRT54G, iliyoingia sokoni mwishoni mwa 2002 na baadaye ikawa chimbuko la mradi wa OpenWrt, Linux ya ruta, ilianza na kumbukumbu ya MB 16 na flashi ya MB 4. Picha moja ya harusi iliyopigwa kwa simu nzuri ya leo huenda isienee humo.

Kwa sababu hiyo programu ya ruta haitengenezwi ndani ya ruta. Mhandisi huiandika na kuikompaili kwenye kompyuta yake kubwa, kisha huihamishia kwenye bodi, yaani kompyuta ndogo ya kifaa chenyewe. Ni kupika nyumbani chakula kitakacholiwa wodini: chumvi anaionja mmoja, anayetapika ni mwingine. Zana za kazi hiyo, yaani kompaila, kihariri, kitatuzi cha hitilafu na programu ya kuandikia kadi, hunadiwa kuwa zinafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux bila ubaguzi. Tangazo hilo si la uongo. Lina mapengo tu, na mhandisi huyagundua kwa kutumbukia.

Mwanzo wa Linux yenyewe haukuahidi makubwa. Tarehe 25 Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki mwenye umri wa miaka 21, aliwatangazia watumiaji wa mfumo wa Minix kwamba anatengeneza mfumo endeshi kwa kujifurahisha, akawatahadharisha kabisa kuwa hauhamishiki, maana umefungamana na prosesa ya 386. Leo mfumo huo umo ndani ya simu za Android, magari, majokofu na mitambo ya viwandani, juu ya prosesa za kila kabila. Kerneli, yaani kiini cha mfumo huo, ilijifunza kuhama. Ugumu wa kuhama ukabaki kwa wanaoitengenezea programu.

Kompaila inayozalisha programu ya mashine nyingine hupewa jina linalotaja ukoo mzima: arm-linux-gnueabihf, aarch64-linux-gnu, mipsel-openwrt-linux-musl. Mwanzoni hutajwa prosesa, katikati mfumo endeshi, mwishoni maktaba ya msingi na desturi za kupitisha namba za desimali. Mgeni katika fani hudhani jina refu kiasi hicho haliachi swali. Raspberry Pi ya kwanza, iliyoanza kuuzwa Februari 2012, ilimwonyesha vinginevyo. Prosesa yake ilikuwa ya kizazi cha ARMv6, ilhali Debian, mojawapo ya matoleo makubwa ya Linux, ilikwishaamua kwamba mfumo wake wa armhf utaanzia ARMv7. Ikabidi watu wajitolee kuikompaili upya Debian kwa ajili ya bodi hiyo, ikazaliwa Raspbian, nao wakaendelea na jina lile lile la armhf. Kwa hiyo zikawepo kompaila mbili za jina moja, moja ikizalisha programu inayotembea na nyingine ikizalisha programu inayokufa papo hapo kwa kosa la "amri haramu". Anayekutana na maneno hayo mara ya kwanza hujiuliza kama amevunja sheria ya nchi. Novemba 2015 ilipotoka Pi Zero ya dola 5 ikiwa na prosesa ya kizazi kile kile cha zamani, wanafunzi wapya nao wakapata zamu yao ya kutuhumiwa.

Amri haramu, hata hivyo, ni kosa la kiungwana, kwa kuwa linaelekeza kidole karibu na jeraha. Lililo baya zaidi ni lile linalosema faili haipo. Mhandisi amehamisha programu yake, tuiite pampu, hadi kwenye bodi. Anaorodhesha folda: pampu ipo. Anaiendesha: anaambiwa hakuna kitu cha jina hilo. Anaorodhesha tena, safari hii akisoma herufi moja moja kwa kidole. Ipo. Ruhusa ya kuendeshwa inayo, na ukubwa wake haujapungua hata baiti. Anaiendesha: haipo. Anamwita mwenzake aje ashuhudie, maana jambo la namna hii halifai kuonwa na mtu mmoja. Mwenzake naye anaiona, naye anaambiwa haipo. Mmoja wao lazima atapendekeza kuzima na kuwasha, na bodi ikishawaka tena pampu inaendelea kuwapo na kutokuwapo.

Kisichokuwapo si pampu. Programu nyingi za Linux haziwezi kuanza zenyewe. Ndani yake imeandikwa anwani ya programu nyingine ndogo, kipakizi, ambayo hukusanya maktaba zinazohitajika kabla kazi haijaanza. Kwenye mfumo wa armhf unaotumia maktaba ya glibc, kipakizi hukaa /lib/ld-linux-armhf.so.3. OpenWrt hutumia maktaba ndogo ya musl, na kipakizi chake kina jina jingine. Kerneli inakwenda kwenye anwani iliyoandikwa, inakuta patupu, na inaripoti kwa uaminifu wote kwamba kuna faili haikupatikana. Haitaji ni ipi. Mkasa huo huo huwakuta wanaopewa na mtengenezaji wa chipu kompaila ya zamani ya biti 32 wakaifungulia kwenye Ubuntu ya biti 64: kompaila inaonekana kwa macho, inapimika kwa ukubwa, na mfumo unakana kuifahamu. Dawa ni amri moja tu iitwayo file, inayoeleza programu ni ya prosesa gani na inategemea kipakizi kipi. Mafundi wazoefu huiendesha kabla ya kugombana na mtu.

Tofauti nyingine hazitoi kosa lolote, na hizo ndizo za gharama. Katika lugha ya C kuna aina ya data iitwayo char, yenye baiti moja, na kanuni za lugha zimeiachia kila mashine iamue kama baiti hiyo inabeba namba hasi au haibebi. Kwenye Linux ya prosesa za Intel inabeba kuanzia -128 hadi 127. Kwenye Linux ya ARM inabeba kuanzia 0 hadi 255. Sasa tuseme kijana mmoja ameandika programu ya kupima jotoridi na kuihifadhi ndani ya char. Anaijaribu kwenye kompyuta yake mpakato, na hesabu zote zinatoka sawa, hasi na chanya. Anaihamishia kwenye bodi ya ARM na kuiweka mezani Dar es Salaam, ambako kihisi kinasoma 31, na hakuna mwezi wowote wa mwaka utakaomfunulia kosa lake. Bodi inapelekwa Mwanza kwenye chumba baridi cha minofu ya sangara, ambako jotoridi halisi ni -18. Bodi inatangaza 238. Kwa hesabu ya kompyuta hilo ni jibu sahihi kabisa, kwa kuwa 256 toa 18 ni 238. Kwa hesabu ya msimamizi wa zamu, samaki wote wameshaungua. King'ora kinalia, milango inafunguliwa ili kuokoa mali, na kwa mara ya kwanza siku hiyo joto la chumba linaanza kupanda kweli.

Chanzo ni hicho hicho kwa programu inayosoma faili hadi mwisho na kuhifadhi kila herufi ndani ya char. Alama ya mwisho wa faili ni -1. Kwenye ARM -1 iliyotiwa humo hugeuka 255, na programu inasubiri mwisho ambao kwake hautafika. Kompaila ina swichi ya kulazimisha tabia moja kwenye mashine zote, na ingefaa iwe imewashwa tangu siku ya kwanza ya mradi. Kwa kawaida huwashwa siku ya king'ora.

Tukirudi upande wa meza, kwenye kompyuta ya mhandisi, kila mfumo endeshi una mila zake, na mila za Windows ni kongwe. Tangu enzi za DOS majina kama CON, PRN, AUX na NUL yametengwa kwa ajili ya vifaa, na kwa desturi hiyo faili haipewi jina hilo hata likiongezwa nukta na herufi mbele yake. Kerneli ya Linux, ambayo haikuwahi kuomba ruhusa kwa DOS, ina faili iitwayo aux.c ndani ya dereva ya kadi za picha za Nvidia. Mhandisi anayepakua kerneli nzima kwenye Windows huona makumi ya maelfu ya faili zikishuka bila wasiwasi, kisha kazi inakwama kwa sababu ya dereva ya kadi ambayo bodi yake haina wala haitakuwa nayo maisha. AUX, kwa taarifa tu, lilikuwa jina la mlango wa serial, yaani mlango wa aina ile ile atakaouhitaji jioni ili azungumze na bodi.

Mac haina kisa cha aux. Ina chake. Diski yake, ikiachwa ilivyotoka dukani, haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili, na kerneli ina faili xt_TCPMSS.h na xt_tcpmss.h katika folda moja, kila moja ikiwa na kazi yake. Zikipakuliwa kwenye Mac, moja inaifunika nyingine. Git, mtunza kumbukumbu asiyesahau, mara moja inamtaarifu mwenye kompyuta kwamba amebadilisha faili, naye hajafungua hata moja. Akizirudisha zilivyokuwa, Git inamtuhumu kwa zile za upande wa pili. Kuna watu wamezunguka hapo jioni nzima kwa imani kwamba ipo namna.

Mac hiyo hiyo ina amri zenye majina ya Linux na nasaba ya mfumo mwingine, BSD. Amri ya sed ikiambiwa ihariri faili palepale, kwenye Linux hutii. Kwenye Mac hudai kwanza iambiwe nakala ya akiba iitweje, na isipoambiwa huchukua neno linalofuata kuwa ndilo jina, hata kama neno hilo lilikuwa agizo. Bash yake, programu inayosoma amri na skripti, ni ya toleo la 3.2, la miaka ya 2000, kwa kuwa Apple haikutaka matoleo ya baadaye yaliyokuja na leseni nyingine. Skripti iliyoandikwa kwa Bash ya leo hufika pale ikakuta babu.

Kuhusu alama ya mwisho wa mstari mengi yamekwishasemwa, na yote ni kweli. Windows humaliza mstari kwa herufi mbili zisizoonekana, Linux kwa moja. Skripti iliyohaririwa Windows ikifika kwenye bodi, kerneli inasoma mstari wa kwanza na kutafuta /bin/sh yenye mkia wa herufi isiyoonekana, inaikosa, na habari ya pampu inaanza upya: faili ipo, na haipo. Notepad ya Microsoft yenyewe haikujua kusoma mistari ya Linux hadi 2018. Kabla ya hapo ilionyesha faili nzima kama mstari mmoja mrefu kuliko foleni ya Ubungo.

Nafasi kati ya maneno nayo ina wahanga wake. Programu ya make, inayosimamia kazi ya kukompaili, ilizaliwa mwaka 1976, na kwake nafasi ni mwisho wa jina; folda yenye maneno mawili ni folda mbili. Windows nayo ina folda iitwayo Program Files. Mambo hayo mawili yaliishi mbalimbali kwa amani hadi Microsoft ilipoleta WSL mwaka 2016, njia ya kuendesha Linux ndani ya Windows, ikaunganisha orodha ya folda za programu za Windows na ile ya Linux. Buildroot, zana maarufu ya kujengea Linux ya bodi ndogo, hukagua orodha hiyo kabla ya kuanza na hukataa kazi ikiona nafasi hata moja. Haijali kwamba folda hiyo si ya mhandisi bali ni ya Windows yenyewe. Wanaoteseka zaidi ni wale waliojisajili kwenye Windows kwa majina yao mawili, kama walivyofundishwa shuleni kujaza fomu. Folda yao ya nyumbani ina nafasi katikati, na kila zana inayokwenda nyumbani kwao hupotelea kwenye jina la kwanza.

Programu ikishakompailiwa inabaki kuonana na bodi uso kwa uso, na uso huo ni nyaya tatu: ya kutuma, ya kupokea na ya ardhi. Nyaya hukutana na kompyuta kwa adapta ndogo ya USB. Waya wa kutuma wa upande mmoja huingia kwenye wa kupokea wa upande wa pili, jambo ambalo kila mtu analijua na karibu kila mtu hulikosea, kwa sababu maandishi ya TX na RX yanayotazamana hushawishi. Adapta ikitoa volti 5 kwenye bodi ya volti 3.3, somo ni fupi na haliwezi kurudiwa kwenye bodi hiyo. Kasi ikikosewa, tuseme bodi inasema biti 115200 kwa sekunde na kompyuta inasikiliza 9600, skrini hujaa alama za maswali, herufi zenye nukta juu na vijisanduku, na ni vigumu kumshawishi mwanafunzi wa wiki ya kwanza kwamba bodi haijarogwa.

Halafu kuna suala la mlango wenyewe unaitwaje. Windows humwita mgeni COM3, na akihamishiwa tundu la pili la USB huenda akawa COM7. Kwenye Mac ni /dev/cu.usbserial na mkia wa namba. Kwenye Linux ni /dev/ttyUSB0, ila mtumiaji asiyeorodheshwa katika kundi la dialout hukatazwa kuugusa; akijiandikisha inabidi atoke kwenye mfumo na kuingia tena, hatua ambayo maelekezo mengi huisahau. Waliotumia Ubuntu 22.04 na adapta zenye chipu ya CH340, ambazo ni za bei nafuu na zimetapakaa kila mahali, walipata kisa cha peke yake. Mlango ulitokea, na papo hapo ukatoweka. Ubuntu ilikuwa na huduma iitwayo brltty, ya kuwahudumia wasioona kwa vifaa vya nukta nundu, na kuna kifaa cha aina hiyo chenye kitambulisho kimoja na chipu hiyo. Huduma ilikuwa inaikamata adapta kwa nia njema kabisa, ikisubiri kumsomea mtu asiyekuwapo.

Adapta hizo hupatikana Luthuli Avenue jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam, kwa bei ambayo yenyewe ni maelezo ya chipu iliyomo. Bandia si jambo la kudharau. Oktoba 2014 kampuni ya FTDI ya Uskoti ilitoa dereva mpya ya Windows iliyofuta kitambulisho cha chipu zilizoghushiwa kwa jina lake na kuandika sifuri, Windows ikaacha kuzitambua. Mnunuzi wa kawaida hakuwa na namna ya kujua alichouziwa. Alichokijua ni kwamba adapta ya jana leo ni kipande cha plastiki. Makelele yalikuwa makubwa na dereva hiyo ikaondolewa.

Kadi ya kumbukumbu ndiyo sehemu ambayo mtu hupoteza kazi ya mwezi kwa kubofya mara moja. Kadi ya bodi kama Raspberry Pi huwa na vyumba viwili: kidogo kinachosomeka Windows, na kikubwa cha mtindo wa Linux ambacho Windows haikielewi. Ukiichomeka kwenye Windows, kisanduku hujitokeza kikisema kwamba diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika, na chini yake kuna kitufe kilichokwisha kupakwa rangi tayari kubofywa. Maelezo hayo ni ya heshima, hayana jazba, na kila anayeyasoma kwa haraka hukubali, kwa sababu miaka yote amefundishwa kwamba kompyuta ikiuliza jambo asilolielewa jibu ni ndiyo. Linux haimuulizi mtu. Amri yake ya dd huandika pale ilipoambiwa, na kati ya diski sda, ambayo mara nyingi ndiyo ya kompyuta yenyewe, na sdb, ambayo ni kadi, kuna herufi moja tu.

Bodi nyingi za bei nafuu hazina betri ya saa. Zikiwashwa bila mtandao, kalenda yake huanzia tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich, ambazo kwa Afrika Mashariki ni saa tisa usiku. Bodi iliyoamka saa tisa usiku ya mwaka 1970 inajaribu kufungua tovuti salama, inakagua cheti, inaona kimeandikwa kitaanza kutumika miaka zaidi ya 50 ijayo, na inagoma. Ujumbe unaoonekana unalaumu cheti, na muda wote wa mchana huishia kubadilisha cheti. Programu ya make nayo hupima faili ipi ni mpya kwa kutazama saa, kwa hiyo kwenye bodi kama hiyo kila faili iliyohamishwa kutoka kwenye kompyuta imetoka siku zijazo.

Yocto inastahili kutajwa kwa heshima na kwa umbali. Ni mradi ulio chini ya Linux Foundation, ulitangazwa mwaka 2010, na hujenga mfumo mzima wa Linux kuanzia kompaila hadi programu ya mwisho, kila kitu kutoka kwenye msimbo. Nyaraka zake hushauri nafasi ya diski ya gigabaiti nyingi ili kupata mfumo ambao, ukibanwa, unaweza kuenea kwenye megabaiti chache. Yote hupakuliwa kwanza. Anayetumia bando la simu hujifunza uchumi kabla ya uhandisi, na anayeishi panapokatika umeme hujifunza kwamba kazi ya saa nyingi ina kipaji cha kufika asilimia tisini na kitu wakati mtaa unazimika. Kwa bahati Yocto hukumbuka ilipoishia. Ni sifa yake kubwa na haitangazwi inavyostahili.

Hata kihariri kinaweza kuasi. Mwanzoni mwa 2024 toleo la 1.86 la VS Code lilidai mashine ya mbali inayounganishwa nayo iwe na glibc 2.28. Ubuntu 18.04 ina 2.27. Waliokuwa wakifanya kazi kwa kuingia kwenye seva na bodi za mfumo huo walifungua kompyuta asubuhi, kihariri kikajisasisha chenyewe, na mlango ukafungwa bila wao kugusa kitu. Baada ya malalamiko Microsoft ilirudisha ruhusa kwa muda. Tukio hilo lilifichua maana halisi ya neno kuungwa mkono: kuna mtu mahali fulani anayelipwa au anayejitolea kujaribu zana hiyo kwenye mashine ya aina hiyo kila inapobadilika. Mtu huyo akihama kazi, tangazo hubaki kwenye ukurasa na uungwaji mkono huondoka naye.

Njia za kupunguza mikasa zipo na hazina uchawi. Ya kwanza ni kukompailia ndani ya kontena au mashine pepe ya Linux, hata mezani pakiwa na Windows au Mac, ili timu nzima itumie kompaila moja, maktaba moja na aina moja ya mistari. WSL 2 hutumia kerneli halisi ya Linux, na inafaa mradi faili zikae upande wake. Zikiachwa kwenye diski ya C kazi hutambaa. Lugha ya Go, tangu toleo la 1.5 la Agosti 2015, huzalisha programu ya prosesa nyingine kwa kubadilisha vigezo viwili au vitatu, na programu yake ikiwa haikuchanganywa na C haihitaji kipakizi, kwa hiyo pampu huwapo na kuendeshwa siku hiyo hiyo. QEMU, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, huiga prosesa ya ARM juu ya Intel, polepole lakini kwa uaminifu unaotosha kunasa 238 kabla ya Mwanza.

Kontena nayo ina utani wake. Kompyuta za Apple zenye chipu ya M1, zilizotoka Novemba 2020, ni za ARM. Kontena iliyojengwa humo bila maelekezo ya ziada ni ya ARM, na ikipelekwa kwenye seva ya Intel inagoma kuanza. Kwa miaka mingi ilikuwa bodi ndogo inayoshindwa kuendesha programu za kompyuta kubwa. Siku hizi programu iliyokompailiwa ndani ya kontena kwenye Mac huweza kutembea kwenye Raspberry Pi ya biti 64 na kushindwa kwenye seva ya mamilioni.

Ukiyahesabu makosa haya, kompaila yenyewe haina hatia karibu katika yote. Yanatokea kwenye jina la faili, mwisho wa mstari, waya, saa na herufi moja ya diski, sehemu ambazo hakuna anayezitaja kwenye tangazo. Kwa hiyo msomaji anayepanga kununua bodi yake ya kwanza asiishie kwenye nembo tatu za Windows, Mac na Linux zilizochorwa kwenye ukurasa wa mtengenezaji. Atafute tarehe ya toleo la mwisho la zana, aone kama kuna aliyelalamika akajibiwa, na anunue adapta ya serial ya volti 3.3 siku hiyo hiyo, mbili, kwa kuwa moja itakuwa bandia.